Je, wajua kwa nini mpunga mwitu wa Marekani hauoti kwenye pipa la maji Mtwara?

Mkazi wa Mtwara au Lindi mwenye pipa kuukuu au kidimbwi uani anaweza kushawishika kuagiza mbegu za mpunga mwitu wa Marekani, ule wa punje ndefu nyeusi zinazouzwa ghali, akiamini kwamba mmea wa majini haudai zaidi ya matope, maji na jua. Akizitia majini hivyo hivyo, ataishia kuziona zikioza, kwa sababu kinachokosekana ni baridi.

Mmea huo, ambao kitaalamu huitwa Zizania, una undugu wa mbali tu na mpunga tunaoulima. Kwao ni kwenye maziwa na mito ya polepole ya Kanada na kaskazini mwa Marekani, ambako Waojibwe, wenyeji wa asili wa huko, huuvuna kwa mtumbwi: mmoja husukuma kwa pondo, na mwenzake huinamisha masuke kwa kijiti na kuyapiga kwa kingine ili punje zidondokee ndani. Zinazoponyoka huzama na kulala matopeni chini ya barafu. Ni baridi hiyo ya miezi mitatu au zaidi, inayokaribia nyuzi sifuri, inayoiamsha mbegu. Kama ingechipua mara tu baada ya kudondoka, mche ungeuawa na barafu. Kipupwe chetu cha Julai hakifikii hata robo ya ubaridi huo.

Friji inaweza kusaidia, iwapo mbegu itawekwa ndani ya chupa ya maji yanayobadilishwa mara kwa mara. Hata hivyo, mbegu hiyo ikikaushwa sana hufa, na punje za dukani zimekwisha kukaushwa kwa moto. Kwa maoni yangu, hiyo ni taabu kubwa kwa punje chache.

Afadhali mpunga mwitu wetu, Oryza longistaminata, unaojiotea kwenye vinamasi na mabonde ya mito ya Tanzania na kudumu miaka mingi. Shina lake hutambaa chini ya matope, hivyo kipande chenye kifundo kinatosha kupandwa kwenye ndoo yenye tope zito, lililofunikwa kwa maji ya vidole vinne. Ukikata kitako cha jani na kukitazama juani, utaona vijitundu vya hewa: ndivyo vinavyopeleka oksijeni mizizini, na ndiyo sababu mpunga hauozi pale ambapo mahindi yangeoza. Samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu ni wa lazima.

Usitarajie wali, kwa kuwa punje hupukutika kabla ya kukomaa zote. Wala usivitupe vipande vyake bondeni, maana kwa mkulima wa mpunga hilo ni gugu sugu. Watafiti, kwa upande wao, wamelithamini: walichukua kwake jeni ya Xa21, inayokinga mpunga dhidi ya bakteria wanaokausha majani, na kwa kulichanganya na mpunga wa kawaida Wachina walipata aina ya PR23, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2018, ambayo hupandwa mara moja na kuvunwa misimu kadhaa.