Metropolis: Yanayosemwa Kuhusu Filamu "Iliyopotea" na Mambo Yalivyokuwa Hasa

Ukisoma habari za Metropolis, filamu bubu ya mwongozaji Fritz Lang kuhusu jiji la kesho lenye matajiri juu ya maghorofa na wafanyakazi chini ya ardhi, hukosi kuambiwa kwamba nusu yake ilipotea, kisha ikaokotwa ghafla nchini Argentina mwaka 2008, na kompyuta ikaifanya mpya. Haikuwa nusu, haikuokotwa, na mpya haijawa hata leo.

"Wanazi ndio walioikata"

Kalenda inakataa. Filamu ilizinduliwa Berlin, katika jumba la Ufa-Palast am Zoo, tarehe 10 Januari 1927, ikiwa na urefu wa mita 4,189. Mwaka huohuo, kabla haujaisha, ilikuwa imeshakatwa. Wanazi walishika serikali mwaka 1933.

Mkasi ulishikwa na wafanyabiashara. Ufa, kampuni ya Ujerumani iliyoitengeneza filamu, ilikuwa imekopa kwa kampuni za Marekani, Paramount na MGM, na mkopo huo ulikuja na mkataba wa usambazaji ulioitwa Parufamet. Paramount ilimpa mwandishi wa tamthilia Channing Pollock kazi ya kuifupisha filamu na kuandika upya vibao vya maandishi vinavyokatiza picha. Pollock alimfuta kabisa Hel, mwanamke aliyependwa na mvumbuzi Rotwang, akaolewa na mtawala Joh Fredersen, akafa akimzaa Freder. Kosa la Hel lilikuwa jina lake: linakaribia mno neno la Kiingereza la jahanamu.

Hapo ndipo hadithi ilipovunjika mguu. Kwa Lang, Rotwang anaunda roboti kwa sababu anamtaka Hel wake arudi, na chuki yake kwa Fredersen ndiyo inayosukuma mambo yote yanayofuata. Hel akiondoka, roboti inabaki kuwa mashine ya kuchukua nafasi ya vibarua, na Rotwang anakuwa kichaa asiye na sababu. Watazamaji wengi walioiona filamu hii kuwa na picha nzuri na hadithi ya ovyo walikuwa wanahukumu kazi ya mkasi. Huko Ujerumani kwenyewe Ufa iliiondoa kwenye kumbi, ikairudisha Agosti 1927 ikiwa na mita 3,241. Zilipungua mita 948, yaani karibu robo.

"Ilikuwa filamu ya saa tatu" (wengine husema nne, wengine mbili na nusu)

Wote wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu filamu bubu hupimwa kwa mita, si kwa dakika. Mita moja ya mkanda wa milimita 35 hubeba fremu, yaani picha mojamoja, 52 na nusu hivi. Zidisha kwa 4,189, unapata fremu kama 220,000. Ukizipitisha kwa fremu 24 kwa sekunde, ni dakika 153. Kwa fremu 20, ni saa tatu na dakika chache. Kwa 16, unakaribia saa nne. Kwa hiyo anayekutajia dakika bila kutaja mwendo hajakuambia kitu.

"Nakala ya Buenos Aires ilikuwa imesahaulika ghalani"

Hii ndiyo dhana inayopendwa kuliko zote, kwa kuwa ina ladha ya hazina iliyofukiwa. Ukweli ni kwamba mkanda ule ulikuwa na wenyewe siku zote, na watu waliuonyesha na kuutazama.

Msambazaji Adolfo Z. Wilson aliununua Berlin mwaka 1927, kabla ya mkasi, akausafirisha hadi Argentina, ukaonyeshwa huko mwaka 1928. Baadaye ukaingia katika mkusanyiko wa mhakiki wa filamu Manuel Peña Rodríguez. Kutoka kwake ukapita kwenye Fondo Nacional de las Artes, mfuko wa taifa wa sanaa. Mwaka 1992 nakala yake ilifika Museo del Cine, makumbusho ya sinema ya jiji la Buenos Aires. Kila mahali ilikuwa na jina lake juu ya kopo: Metropolis. Hilo ndilo lililoificha. Nani afungue kopo la filamu ambayo kila hifadhi duniani inayo?

Kilichotoa siri ni muda. Salvador Sammaritano, aliyeendesha klabu ya sinema, alisimulia jinsi mkanda ulivyokuwa ukirukaruka kwenye projekta hadi ikabidi uzuiwe kwa kidole zaidi ya saa mbili, mwanzo hadi mwisho. Mwanahistoria wa filamu Fernando Martín Peña alipoisikia habari hiyo, kidole hakikumshangaza. Kilichomshangaza ni zile saa mbili. Nakala zilizojulikana hazikuwa na urefu huo. Alihangaika miaka mingi kupata ruhusa ya kuuona mkanda. Mlango ulifunguka mwaka 2008, Paula Félix-Didier alipokuwa mkurugenzi wa makumbusho hayo. Wakaitazama, wakaona matukio ambayo hayakuwemo katika nakala zilizojulikana, na mwezi Julai dunia ikatangaziwa.

"Walipata mkanda halisi wa 1927"

Hawakuupata. Mkanda wa awali ulikuwa wa nitreti, plastiki inayowaka kwa kasi na isiyozimwa hata kwa maji, maana inabeba oksijeni yake yenyewe. Ndiyo sababu katika miaka ya 1970 ulinakiliwa kwenye mkanda salama wa milimita 16, na ule wa kwanza hatunao tena.

Unakili huo ulifanyika kwa haraka, bila kuusafisha mkanda kwanza, na madhara yake yalikuwa matatu. Fremu ya milimita 16 ina eneo la kama sehemu moja ya sita tu ya fremu ya 35, hivyo chembechembe za picha zikavimba na sura zikapoteza ukali. Pili, dirisha la mashine iliyotumika lilikuwa la filamu za sauti, ambalo huacha nafasi ya mstari wa sauti pembeni. Likakata ukingo wa kushoto na wa juu wa kila fremu. Na tatu, lililo baya kuliko yote, mikwaruzo na mafuta ya miaka arobaini ya projekta vilipigwa picha pamoja na waigizaji.

"Kompyuta ilisafisha kila kitu"

Mkwaruzo ulio juu ya mkanda una dawa: mkanda hupitishwa ndani ya kimiminiko kinachopindisha mwanga sawa na plastiki yenyewe, mfereji wa mkwaruzo unajaa, na skana haiuoni. Mkwaruzo uliopigwa picha hauna mfereji. Umekuwa sehemu ya picha kama pua ya mwigizaji ilivyo, na hakuna kimiminiko kitakachoujaza.

Ikabaki njia ya programu. Kampuni ya Alpha-Omega ya Munich ilitengeneza mbinu za kupunguza ile mvua ya mistari ya wima na kumetameta kwa mwanga. Kupunguza, si kufuta. Programu hukisia kilichokuwa chini ya mstari kwa kuangalia fremu ya kabla na ya baada. Mstari ukikaa palepale fremu baada ya fremu, haina pa kukisia. Ukiisukuma zaidi, inaanza kula moshi, nywele na nyuso. Wakfu wa Friedrich-Wilhelm-Murnau, ulioongoza kazi hiyo, ulichagua kuacha makovu, na kwa maoni yetu ulichagua vema.

Kwa hiyo ukiona picha inachakaa ghafla na ukingo mweusi unatokea kushoto na juu, si kosa la runinga yako. Umeingia kipande cha Buenos Aires, na ukingo ule ni pale fremu ilipokatwa. Wangeweza kuikuza picha ijaze kioo, lakini ingelegea zaidi na isingelingana na picha jirani.

Mkanda wa Argentina haukutumika kila mahali. Picha iliyokuwepo katika nakala nyingine za milimita 35 ilibaki ileile. Wa Argentina ulijaza mapengo ya dakika kama 25 na, muhimu vilevile, ulionyesha kipi kinafuata kipi. Mpangilio huo ulipimwa dhidi ya noti za Gottfried Huppertz, mtunzi wa muziki wa uzinduzi. Karatasi zake zina alama 1,028 zinazoeleza tukio lipi liko kwenye kioo muziki unapofika mahali fulani. Wanaodhani muziki wa filamu bubu ni pambo wakumbuke kwamba hapa ndio uliokuwa ramani.

"Sasa imekamilika"

Bado. Mahubiri ya mtawa kanisani na pigano la Fredersen na Rotwang, ambalo linampa Maria, msichana aliyetekwa na Rotwang, nafasi ya kutoroka, hayaonekani. Mahali pake pana maandishi yanayoeleza kinachotokea. Toleo hilo lililorejeshwa lilionyeshwa Berlin na Frankfurt kwa wakati mmoja, tarehe 12 Februari 2010.

"Toleo lolote la mtandaoni ni lilelile"

Angalia dakika kabla hujabonyeza. Themanini na kidogo, zenye rangi na nyimbo za pop, ni toleo la mwanamuziki Giorgio Moroder la 1984. Ni fupi pia kwa sababu vibao vingi viligeuzwa kuwa maandishi ya chini ya picha. Kama 124 ni urejeshaji wa 2001, ambao uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Karibu 150 ni la 2010. Kuhusu kulipakia upya: Marekani filamu ya 1927 iko huru tangu 1 Januari 2023, lakini katika Umoja wa Ulaya hesabu inaanzia kifo cha Lang, 1976, na haki inadumu hadi mwisho wa 2046.