Embe likianguka juu ya bati usiku

Mie ni nesi wa afya ya akili hapa Malindi, na swali naloulizwa sana, sokoni, ndani ya tuktuk, hata harusini, ni kuhusu wale jamaa waliokuwa wajeshi ambao saivi wanalala kwenye mabaraza ya maduka. Si alikuwa na mshahara? Si alikuwa na mke? Imekuwaje? Alafu kabla sijafungua mdomo mtu ashajijibu mwenyewe, ni muguka, yale majani ya kutafuna, ni pombe, ama amerogwa na watu wa kwao. Sasa leo nataka niandike vile mie ninavyoiona, manake nimekaa na hawa watu miaka mingi na karibu wote waliopita mikononi mwangu hawakuanza kwa kukosa nyumba. Walianza kwa kukosa usingizi, nyumba ikaja kwenda baadaye.

Ntawaelezea mmoja. Mwenyewe ameniruhusu, na mambo kadhaa nimeyabadilisha asijulikane. Majeshi yetu yaliingia Somalia Oktoba 2011, mwaka uliofuata yakaingizwa kwenye kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, kwa hivyo kijana aliyevuka mpaka akiwa na miaka 22 leo hajafika hata 40. Si mzee huyo, ni mtu wa kulea watoto na kujenga. Huyu wangu alienda, akarudi, akaenda tena, kisha akatoka jeshini kabla ya muda wake, akapanga chumba na sebule yeye na mkewe na watoto wawili, nyumba ya bati, uwani kuna mwembe mkubwa.

Nilipoanza kumwona tayari alikuwa wa barazani. Nlimchunguza siku kadhaa kabla sijamsemesha. Usiku halali, anakaa mgongo ukutani, uso barabarani, viatu miguuni na kamba zimefungwa fundo mbili. Pikipiki ikipita na egzosi imepasuka anainama kidogo, mkono wa kulia unashuka mpaka nyongani, alafu unarudi taratibu kwenye goti. Boksi lake la kulalia analiweka pembeni bila kulitumia. Ikiadhiniwa alfajiri na watu wakianza kupita kwenda msikitini, ndo analikunjua na kujinyoosha. Kwa hivyo saa tatu asubuhi watu wakimpita wanamkuta amelala fofofo na wanasema tazama, mtu mzima na nguvu zake zote, mvivu namna gani.

Siku ya kwanza nlimwambia, "Afande, hujambo." Akanyoosha mgongo kabla hata hajaniangalia. "Sijambo, sista." Nkamuuliza zamu yake inaisha saa ngapi, akaniambia, bila kucheka, "Wakiadhini."

Hapo ndo pa kuanzia kuelewa. Kuna kisehemu cha ubongo kinaitwa amigdala, ukubwa wake kama lozi, kazi yake ni kupiga kengele kukiwa na hatari. Kengele ikilia mwili unamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, macho yanafunguka, tumbo linasimama, na yote haya yanafanyika kabla akili haijajua ni kitu gani. Kule vitani kengele nyepesi ndo inakurudisha hai, anayelala usingizi mzito ndo anayekufa. Mwili ukishajifunza hivyo miezi kumi na kitu, tena chini ya risasi, hauachi ati kwa sababu umepanda basi umerudi kwenu. Kengele inabaki iko tayari kulia. Na usingizi unahitaji kengele itulie kwanza, kwa hivyo mtu anasinzia juu juu, anaota yale yale, anaruka, anakaa macho mpaka kuche. Wiki ya kwanza anavumilia. Mwezi wa tatu hakumbuki ameweka wapi pesa ya kodi, mtoto akilia anamwona kama adui, bosi akimuuliza swali la kawaida anajibu kama anataka kupigana.

Sasa ule usiku. Ilikuwa Desemba, maembe yameiva, na walioishi chini ya mwembe kwenye nyumba ya bati wanajua embe likidondoka saa nane za usiku linavyolia, sisi wengine tunashtuka, tunasonya, tunageukia upande wa pili. Yeye alipozinduka alikuwa amemshindilia mtoto chini ya kitanda na mkono mwingine uko shingoni kwa mkewe. Hakukumbuka alivyofika hapo. Asubuhi aliona alama za vidole. Usiku uliofuata akatoa mkeka akalala uwani, ndugu wakamcheka. Baada ya wiki akahamia baraza ya mbele, alafu baraza ya jirani, alafu mtaa mwingine kabisa.

Nataka mtu asome hapa polepole: hakufukuzwa na mkewe, wala mwenye nyumba hakumtoa. Alijiondoa mwenyewe kwa sababu aliona kitu cha hatari ndani ya ile nyumba ni yeye. Nimelisikia hili kwa wanaume wengi mpaka siku hizi ndo swali langu la kwanza, simuulizi alipoteza nyumba lini, namuuliza alitoka ili amlinde nani.

Kazi nayo ikaenda. Alipata kazi ya usoja kwenye jumba moja la wageni huku ufuoni, na kazi ya usoja ndo tunawapa hawa watu kila mara, tukiona ni aliyezoea bunduki basi tumweke getini usiku, yaani tunamrudishia ile ile zamu inayommaliza. Hakudumu. Mwaka mpya hoteli za ufuoni zikarusha fataki na yeye usiku ule ule akatembea kwa mguu kuelekea Ganda mpaka sauti ikaisha, lindo akaliacha wazi.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalioni kwa macho, mtikisiko wa ubongo. Bomu la barabarani likilipuka karibu na gari si lazima likutoboe, wimbi lenyewe linautikisa ubongo ndani ya fuvu, na mtu anatoka hana hata mchubuko. Baadaye ni kichwa kumuuma, kusahau, mwanga wa jua kumuudhi, kuyumba anapotembea. Ukimwona saa saba mchana anayumba barabarani utaapa amelewa. Na masikio, mlio kama nyenje usiozima mchana wala usiku. Marekani, kwa wanajeshi wa zamani wanaolipwa fidia ya ulemavu, huu mlio wa masikioni ndo unaoongoza kwa wingi, umepita hata viungo vilivyokatika. Hebu fikiria ulale na nyenje kichwani.

Muguka, ndio, anatafuna. Mei 2024 kaunti yetu ya Kilifi iliupiga marufuku pamoja na Mombasa na Taita Taveta, kesi ikaenda kortini, na mie sikuwa upande wa wauzaji. Lakini huyu hatafuni kwa starehe, anatafuna asilale, kwa sababu akilala kuna watu wanamsubiri usingizini, aliokuwa nao kwenye gari moja. Ikifika siku ya tatu mwili unadai, ndo anatafuta pombe ya mnazi ama vidonge vya usingizi vya kichochoroni. Mnazi unakuangusha haraka, ni kweli, lakini nusu ya pili ya usiku unakuvuruga usingizi na ndoto zinarudi na nguvu zaidi, na vile vidonge vya aina ya Valium wataalamu wa PTSD, huu ugonjwa wa kiwewe unaobaki baada ya mambo ya kutisha, hawashauri kabisa, vinamzoesha mtu na kiwewe kiko pale pale. Wengine wanafika kwenye unga, yaani heroini. Kwa hao angalau kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatoa kwenye unga, iko hapa hapa Malindi tangu 2015.

Na wale wanaosema wanaume wa siku hizi ni wepesi, vita vya zamani watu walipigana wakarudi wakalima, si kweli. Vita Kuu vya Kwanza madaktari wa Uingereza walikuwa wanapokea vijana wanaotetemeka, waliopoteza sauti, wasio na jeraha, na kufika 1915 ugonjwa ulishapewa jina la mshtuko wa makombora. Uingereza ikawapiga risasi askari wake wenyewe kwa kutoroka na kwa woga, 306 kati yao walikuja kusamehewa mwaka 2006, miaka tisini baadaye, na inaaminika wengi walikuwa wagonjwa hawa hawa. PTSD yenyewe iliingia kwenye kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani 1980 tu, baada ya Vietnam, na utafiti mkubwa uliofuata ulikuta karibu wanaume 3 katika 10 waliopigana kule waliupata wakati fulani wa maisha yao.

Marekani wana kitu kimoja ambacho nakiheshimu, wanahesabu. Kila Januari watu wanatoka usiku na tochi wanahesabu wasio na makao, wanaolala nje pamoja na walio kwenye makazi ya muda. Mwaka 2010 wanajeshi wa zamani walikuwa zaidi ya 74,000, Januari 2024 wakawa 32,882. Bado ni wengi mno, lakini walipunguaje? Walianza kwa kuwapa nyumba. Serikali inalipa sehemu kubwa ya kodi na afisa wa ustawi anamfuata huko huko chumbani, hawamwambii acha pombe kwanza ndo tukupe ufunguo. Nilipolisoma hilo nlikumbuka mwenye nyumba mmoja hapa aliyeniambia atampa chumba huyu mtu wangu akimletea barua kwamba ameacha muguka. Tulibishana sana. Mtu analindaje usiku kucha barabarani bila kutafuna kitu?

Upande wa dawa nampa setralini, dawa ya sonona inayotumika pia kwa PTSD, inachukua wiki kadhaa, si panado. Prazosini, ile dawa ya presha, ilisifiwa sana kwa jinamizi mpaka utafiti mkubwa wa 2018 kwa wanajeshi wa Marekani ukakuta haikuwashinda waliopewa vidonge bandia, kwa hivyo hainipi haraka. Kinachosaidia zaidi ni kukaa na mtu anayejua kazi, kusimulia ile siku polepole tena na tena mpaka mwili ukubali kwamba imepita. Familia yake ilitaka asomewe, wanasema ni jini, nami sikupinga, nlienda kwa ustadh wake tukakubaliana, yeye asome mchana, kombe, yale maji ya aya za Kurani, anywe, dawa zangu anywe, sharti langu moja tu asifungwe kamba wala mnyororo. Ukimfunga mtu aliyetoka vitani umemrudisha vitani.

Chumba tulikipata, nduguye na watu wa msikitini wakachanga kodi ya miezi mitatu. Alikichagua mwenyewe, cha mwisho kwenye ukumbi, hakuna mti karibu, kitanda tukakigeuza akilala aone mlango. Wiki mbili za mwanzo alilala sakafuni na viatu. Wiki ya tatu alivua kimoja.

Mkewe alikuja kliniki juzi, anataka kurudi na watoto kidogo kidogo, mchana kwanza. Akaniuliza siku akilala pale, akimsikia anaota, amwamshe vipi. Nkamwambia usimguse, usimsogelee, simama mlangoni, washa taa, umwite kwa sauti ya kawaida, urudie mpaka akujibu.

"Nimwite jina lake? Mie humwita baba fulani, kwa jina la mtoto."

"Mwite hilo hilo," nkamwambia. "Jina lake la ukoo walikuwa wakimwita kambini. Usiku usilitumie kabisa."