Je, wajua ni kwa nini manowari za Australia zilikwenda Borneo vita vikiwa karibu kwisha?

Kufikia Aprili 1945 Japani ilikuwa imekabwa koo. Nyambizi na ndege za Marekani zilikuwa zimezamisha sehemu kubwa ya meli zake za mafuta, miji yake ilikuwa ikiteketea kwa mabomu ya moto, na Wamarekani walikwisha kutua Okinawa. Hata hivyo, kati ya tarehe 1 Mei na tarehe 1 Julai mwaka huo, wanajeshi wa Australia walishushwa mara tatu kwenye fukwe za Borneo, kisiwa kikubwa cha Asia ya Kusini-Mashariki, mbali sana kusini mwa Tokyo. Walianza na kisiwa cha Tarakan, wakafuata Labuan na Ghuba ya Brunei tarehe 10 Juni, wakamalizia Balikpapan. Wiki sita na ushei baada ya hapo, Japani ikasalimu amri. Waaustralia zaidi ya 500 waliuawa katika mapigano hayo. Walifuata nini?

Jibu linalotolewa upesi ni mafuta. Tarakan na Balikpapan vilikuwa vituo vikubwa vya mafuta tangu enzi za Waholanzi, na Japani ilivivamia mapema mwaka 1942 kwa sababu hiyo hiyo. Mafuta ya Tarakan yalisifika kwa usafi, hata ikasemwa yanaweza kutiwa kwenye tangi la meli bila kupitia kiwandani. Lakini mwaka 1945 jibu hilo halitoshi. Mafuta hayo yalikuwa hayaifikii tena Japani, maana njia ya bahari ilikwisha kukatwa. Na kwa upande wa washirika, yaani Marekani, Australia na wenzao waliopigana na Japani, visima na mitambo ilikuwa imebomolewa vibaya. Kuitengeneza kulihitaji muda mrefu kuliko muda ambao vita vilibakiwa nao.

Sababu ya pili ilikuwa viwanja na bandari. Uwanja wa ndege wa Tarakan ulitakiwa uwe tayari ili ndege zake zisaidie mashambulizi ya Balikpapan. Ghuba ya Brunei nayo ilipendekezwa iwe kituo cha meli za kivita za Uingereza katika Pasifiki. Uwanja ulikuwa umechimbika kwa mabomu na kujaa maji, haukuwa tayari kwa wakati kusaidia kutua huko. Na Waingereza wenyewe hawakuitaka Brunei, kwa kuwa vita vyao vilikuwa vimehamia kaskazini kwenye maji ya Japani.

Nionavyo mimi, sababu iliyokuwa na uzito kuliko zote ilikuwa siasa baina ya marafiki. Tangu mwishoni mwa 1944 Jenerali Douglas MacArthur, Mmarekani aliyeongoza majeshi ya washirika Pasifiki ya Kusini-Magharibi, alikuwa akisonga mbele Ufilipino na majeshi ya nchi kavu ya Marekani, huku Waaustralia wakiachiwa kazi ya kuwasaka Wajapani waliobaki nyuma katika visiwa vya New Guinea, New Britain na Bougainville. Divisheni za 7 na 9, askari wazoefu wa Afrika Kaskazini na New Guinea, zilikaa muda mrefu kwao Australia, jimboni Queensland, zikifanya mazoezi tu. Wananchi walinung'unika. Serikali ya waziri mkuu John Curtin ilitaka nchi ionekane imepigana hadi mwisho, ili iwe na sauti amani itakapojadiliwa. Borneo ndiyo kazi waliyopewa. Mkuu wa jeshi la Australia, Jenerali Thomas Blamey, aliipinga safari ya Balikpapan kwa kuwa hakuona faida yake, lakini MacArthur alishikilia kwamba kuifuta kungevuruga mipango yake yote, na serikali ikakubali. Curtin alifariki tarehe 5 Julai, siku nne baada ya askari kutua Balikpapan.

Mabaharia hawakuulizwa maoni yao. Kwao swali lilikuwa namna ya kumfikisha askari ufukweni akiwa hai, na hapo ndipo habari hii inapopendeza kwa yeyote anayeijua bahari.

Tarakan haina ufukwe wa mchanga mgumu. Kuna tope zito, na Wajapani walikuwa wamechimbia humo safu za magogo, mabomba na reli za chuma ili vyombo visipite. Tarehe 30 Aprili, siku moja kabla ya kutua, Waaustralia walikiteka kwanza kisiwa kidogo cha Sadau na kuweka mizinga yao hapo. Chini ya ulinzi wa mizinga hiyo na ya manowari, mafundi wa jeshi walijitosa topeni, wakatambaa na baruti zao hadi kwenye nguzo zile, wakalipua njia. Asubuhi ya tarehe 1 Mei, manowari Hobart na Warramunga zikisaidiana na meli za Marekani kupiga ufukwe, meli za Manoora na Westralia zikashusha askari.

Kisha bahari ikadai chake. Mwezi ulikuwa umepevuka tarehe 27 Aprili, kwa hiyo maji ya bamvua, yale makubwa yajayo mwezi ukipevuka au ukiandama, yalikuwa yakielekea kupungua. Meli kubwa saba za kushushia vifaru na magari ziliingia maji yakiwa yamejaa, yakapwa, zikabaki zimeketi topeni. Kila siku maji yaliyorudi yalikuwa mafupi kuliko ya jana. Mvuvi yeyote wa Lamu au Kilwa angewaambia lazima wasubiri mwezi uandame. Ndivyo ilivyokuwa: zilikaa hapo zaidi ya siku kumi hadi bamvua jingine lilipozinyanyua.

Balikpapan ilikuwa ngumu zaidi, na sehemu ya ugumu huo waliutengeneza washirika wenyewe. Maji yake ni mafupi kwa umbali mrefu kutoka pwani, na chini yalijaa mabomu ya kutegwa: ya Waholanzi, ya Wajapani, na yale ya sumaku ambayo ndege za washirika zilikuwa zimeyadondosha kuzuia meli za Japani. Meli ndogo za mbao za kufagia mabomu, za Marekani, zilianza kazi zaidi ya wiki mbili kabla ya kutua, zikienda polepole mbele ya mizinga ya pwani. Kabla askari hajakanyaga nchi kavu, tatu zilikwisha kupotea. Manowari kubwa hazikuweza kusogea karibu mpaka njia isafishwe. Ndipo Shropshire, Hobart na Arunta zilipopiga pamoja na meli za Marekani, na zaidi ya watu 30,000 wakapelekwa nchi kavu.

Borneo haikuwa mahali pekee walipokuwa Waaustralia. Januari 1945 manowari iitwayo Australia ilipigwa mara tano na marubani Wajapani wa kujitoa mhanga katika safari ya Ghuba ya Lingayen, Ufilipino. Mabaharia 44 walikufa. Na manowari nyingine mbili za Australia, Napier na Nizam, zilizokuwa katika kikosi cha Waingereza kilichoweka kambi Kilindini, Mombasa, mwaka 1942, zilikuwepo Ghuba ya Tokyo Japani ilipotia sahihi tarehe 2 Septemba 1945.

Je, Borneo ilifaa? Kwa kufupisha vita, haikusaidia. Haikuwaokoa hata wafungwa wa vita wa Sandakan, kaskazini ya kisiwa hicho hicho: kati ya Waaustralia na Waingereza wapatao 2,400 waliokuwa huko, walipona sita tu, waliofanikiwa kutoroka. Lakini kwa kuwa vikosi vilikuwa tayari Labuan, viliweza kufika mapema mji wa Kuching, magharibi mwa Borneo. Tarehe 11 Septemba Wajapani wa huko walisalimu amri ndani ya meli ya Australia iitwayo Kapunda, na siku hiyo kambi ya wafungwa ya Batu Lintang ikafunguliwa ikiwa na watu zaidi ya 2,000 walio hai, askari na raia, wakiwemo wanawake na watoto. Katika kampeni nzima ya Borneo, hilo ndilo ninaloweza kulitetea bila kusita.