Dai la fundi juu ya nyumba huko California lina mwisho wake
Wakandarasi wengi wa California huamini kwamba, wakishaandikisha dai lao juu ya nyumba (haki ya kulipwa kutokana na nyumba yenyewe kwa kazi waliyoifanya) katika ofisi ya msajili wa kaunti, wanaweza kungoja tu mpaka mwenye nyumba aiuze ndipo walipwe. Sivyo. Sheria inawapa siku 90 tangu kuandikisha ili wafungue kesi, na zikipita bila kesi wala nyongeza ya muda iliyoandikishwa, dai hilo hufa, ingawa deni la mkataba hubaki. Fundi vigae aliyepewa kazi na mkandarasi mkuu ana hatari nyingine, na hii ndiyo inayoniuma zaidi: asipompelekea mwenye nyumba notisi ya awali, yaani barua ya kumjulisha kwamba anafanya kazi hapo na huenda akaidai nyumba asipolipwa, ndani ya siku 20 tangu aanze kazi, akaja kuipeleka baadaye, vigae alivyobandika zaidi ya siku 20 kabla ya notisi hiyo havimo katika dai.