Pointi za reli ndogo: ulimi usiachiwe kazi ya kupitisha umeme

Treni ya mfano inayoendeshwa kwa mfumo wa kidijitali wa DCC ikizima ghafla, mimi huanza kukagua pointi, pale njia moja inapogawanyika mbili. Ndipo reli zenye umeme tofauti zinapokaribiana kwa milimita chache tu, na magurudumu ya chuma yanapita juu yake.

Pointi ina ndimi mbili zinazosogea, na mbele yake kipande cha V ambapo reli mbili za ndani hukutana. Katika pointi nyingi za zamani zenye V ya chuma, ndimi zote mbili na V vimeunganishwa pamoja, na vinapata umeme kwa ulimi mmoja kugusa reli ya pembeni. Ule ulimi wa pili, uliojitenga, unabaki na umeme ulio kinyume na wa reli jirani yake. Gurudumu likizigusa zote mbili kwa mgongo wake, ni shoti. Kwenye mfumo wa zamani wa mkondo mnyoofu, mara nyingi cheche ingeruka na treni ikaendelea. Busta ya DCC, kifaa kinachotia umeme relini, hukata umeme papo hapo, na kila injini iliyo kwenye sehemu hiyo inasimama.

Dawa yake ni kutenganisha. Kata muunganisho kati ya ndimi na V (aina nyingine zina vijiwaya viwili chini kwa kazi hiyo), kisha lehemu kila ulimi kwa waya hadi reli ya pembeni iliyo upande wake. Sasa ulimi na jirani yake wana umeme uleule daima. V nayo ipewe waya wake kupitia swichi inayogeuka pamoja na pointi, na reli mbili za ndani zinazotoka kwenye V ziungwe kwa viungo vya plastiki. Mota ya Tortoise ya Circuitron ina swichi hizo ndani yake, seti mbili, ndiyo maana naipenda. Hugeuza pointi polepole na hula chini ya miliampea 20 hata ikiwa imesimama. Mota za koili zinataka mshtuko mkubwa wa mara moja. Zikiachiwa umeme huungua, kwa hiyo dikoda yake, yaani kifaa kinachopokea amri ya DCC na kuigeuza pointi, iwe ya kufaa mota za koili, yenye kapasita ya kutunza umeme wa mshtuko huo.

Na hili nasisitiza kwa kila anayeniuliza: dikoda za pointi zisitegemee umeme wa reli. Injini ikiingia kwenye pointi iliyogeuzwa vibaya, husababisha shoti, busta inazima, na ile pointi ambayo ukiigeuza shoti ingekwisha haiwezi kugeuka, kwa sababu dikoda yake nayo imezimika. Wape dikoda busta yao au chanzo chao cha umeme.

Waya kuu chini ya meza uwe mnene, milimita za mraba 2.5 hivi, na vijiwaya vyembamba vipandishwe hadi kila kipande cha reli. Kabla ya kumwaga kokoto, laza sarafu juu ya reli mbili, kila upande wa kila pointi. Busta ikate mara moja kila mahali. Isipokata, ongeza waya hapo, maana siku ya shoti ya kweli umeme huo utageuka joto kwenye magurudumu na plastiki.