Likizo ya baridi kwa wenye F-1, viza ya masomo ya Marekani: kazi ipo, ila kibali kitangulie

Kila ifikapo katikati ya Novemba, maswali yanayoingia ofisini kwetu hubadilika. Ya kusajili masomo yanapungua, yanaanza ya likizo: "Dada, wiki nne zote hizo nitakaa tu?" Mimi ni mshauri wa wanafunzi wa kigeni katika chuo kimoja jimboni Minnesota. Wanaoniuliza kwa Kiswahili wametoka Nairobi, Mwanza, Bujumbura, Goma, na wengi wao hawana nauli ya kwenda nyumbani na kurudi. Bwalo limefungwa, bweni limebaki na watu wanne, na nje baridi inauma masikio. Hamu ya kuutumia muda huo kuingiza chochote naielewa kabisa. Tatizo ni kwamba mwaka huu maswali yanakuja yakiwa tayari na majibu ya makundi ya WhatsApp, na mengi ya majibu hayo yanaweza kumpotezea mtu masomo.

Lililoenea zaidi ni kwamba likizo huondoa masharti ya kazi. Huondoa sharti moja tu. Muhula ukiendelea, mwenye F-1 anaruhusiwa kufanya kazi kampasini saa zisizozidi 20 kwa wiki, na hizo ni jumla ya kazi zake zote, hata akiwa nazo mbili. Chuo kikifunga, anaweza kufanya muda kamili, kampasini hapo hapo, mradi anaendelea na muhula unaofuata. Kampasini maana yake ni maktaba, maabara, ofisi za chuo, pamoja na mgahawa au duka la vitabu la kampuni binafsi linalohudumia wanafunzi ndani ya chuo. Kampuni ya ujenzi inayojenga darasa jipya haimo, hata kama jengo liko hatua hamsini kutoka kitandani kwako. Kanuni imeutaja mfano huo waziwazi, kwa hiyo tusibishane.

Wanaohitimu Desemba wasikilize zaidi. Tarehe ya mwisho wa masomo iliyo kwenye I-20 (hati ya chuo inayothibitisha masomo yako) ikipita, kazi ya kampasini imekwisha siku hiyo, hata kama msimamizi wako bado anakupangia zamu. Ombi la OPT, kibali cha kufanya kazi ya fani yako baada ya kuhitimu, linapokelewa kuanzia siku 90 kabla ya tarehe hiyo hadi siku 60 baada yake. Pia lazima liwafikie Uhamiaji ndani ya siku 30 tangu sisi tuingize pendekezo kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa rekodi za wanafunzi wa kigeni. Watu wanahesabu zile 60 na kuzisahau hizi 30.

Kosa lingine linatokea wiki ya kufungua. Januari moja mwanafunzi aliniwekea mezani karatasi yake ya mahudhurio ya kazini. Jumatatu alikuwa amefanya saa nane kama siku za likizo, Jumanne madarasa yakaanza, na hadi Ijumaa alikuwa na saa 31. Alidhani wiki ile bado inahesabiwa ya likizo. Msimamizi wake naye alidhani hivyo. Mwombeni msimamizi awapangie zamu za wiki hiyo ndani ya saa 20 mapema, na msimwachie yeye jukumu la kuijua kalenda yenu.

Sasa kazi za nje. Kusuka nywele sebuleni kwa malipo ni kazi. Kulea mtoto wa jirani kwa dola za mkononi ni kazi. Kusambaza chakula kwa akaunti ya simu ya binamu ni kazi, tena na udanganyifu wa utambulisho juu yake. Hata kufanya bure kazi ambayo wengine hulipwa hapo huhesabiwa kuwa ajira. Kujitolea kwenye benki ya chakula au kanisani, mahali ambapo nafasi yenyewe ni ya wanaojitolea, ni sawa. "Nalipwa taslimu" si hoja, ndugu zangu. Sheria inauliza kama ulifanya kazi bila kibali, haiulizi pesa ilipitia wapi.

Adhabu yake niieleze ieleweke. Afisa wa chuo anapothibitisha ajira bila kibali, anatakiwa kuifunga rekodi yako ya SEVIS. Rekodi ikifungwa kwa sababu hiyo, hupati siku 60 ambazo anayemaliza masomo hupewa kujiandaa kuondoka nchini. Anayeshuka chini ya idadi ya masomo inayotakiwa anaweza kuomba kurejeshewa hadhi yake ya mwanafunzi, na ana miezi 5 ya kufanya hivyo. Aliyefanya kazi bila kibali hana mlango huo, kwa sababu kati ya masharti ya kurejeshewa hadhi ni kutokuwahi kufanya ajira ya aina hiyo. Na swali hilo hukufuata baadaye kwenye kila ombi la viza.

Kwa hiyo wiki nne hizo mzifanyie nini? Jibu langu la kila mwaka ni kuandaa CPT ya kiangazi, yaani kibali cha mafunzo kwa vitendo kazini ukiwa bado unasoma. Kampuni nyingi huchagua wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kati ya Desemba na Machi, wakati wengi wenu mmelala. Mwaka fulani binti mmoja wa uhandisi alibaki bwenini, akafanya zamu za mchana maktaba, na kila jioni akaandika barua mbili za maombi. Alinionyesha daftari lake: jina la kampuni, tarehe, aliyejibu, asiyejibu. Mistari 38. Mitatu ndiyo iliyojibiwa, na mmoja ukampa nafasi. CPT inahitaji uwe umemaliza mwaka mzima wa masomo, isipokuwa shahada za juu zinazodai mafunzo hayo tangu mwanzo. Inahitaji pia kazi iwe sehemu ya mtaala, na I-20 mpya iwe na jina la mwajiri na tarehe kabla hujaingia kazini siku ya kwanza. Ukifikisha miezi 12 ya CPT ya muda kamili, OPT ya kiwango hicho cha shahada umeipoteza.

Wanaosafiri, sahihi yetu kwenye I-20 inadumu mwaka mmoja, iangalieni kabla ya tiketi. Raia wa Burundi tangu Juni 2025, na wa Tanzania tangu 1 Januari 2026, wamewekewa vizuizi vya kupewa viza za wanafunzi. Aliyekuwa na viza halali vizuizi vilipoanza haguswi. Ambaye viza yake imekwisha akatoka nje, huenda asirudi darasani. Asikate tiketi bila kuongea nasi.

Anayehamia kwa shangazi Texas kwa sababu bweni limefungwa anijibu swali hili: unahama au unatembea tu? Ukihama, anwani mpya iingie kwenye mfumo ndani ya siku 10. Ofisi yetu inafungwa kuanzia mkesha wa Krismasi hadi baada ya Mwaka Mpya, na barua za mwajiri zinazotufikia siku hizo hazifunguliwi na mtu.