Nani aliwatoa wanawake kwenye korseti, lile vazi la ndani la kubana kiuno? Dhana na ukweli

Dhana: Ni Paul Poiret, mbunifu wa mitindo wa Paris, peke yake.
Poiret mwenyewe alijisifu hivyo, na ni kweli kwamba magauni yake ya mwaka 1906 yaliangikwa mabegani badala ya kubana kiuno. Ila mwaka 1907 Madeleine Vionnet, akiwa mbunifu katika nyumba ya mitindo ya Doucet jijini Paris, naye alionyesha nguo zisizo na korseti, na hadi uzeeni alishikilia kwamba yeye ndiye aliyeanza. Halafu Poiret huyohuyo akaleta sketi iliyobana vifundoni, mwanamke asiweze kupiga hatua ndefu. Ukombozi gani huo?

Isitoshe, korseti haikutoweka. Ilishuka. Kufikia 1910 ilikuwa ndefu, imebana nyonga na mapaja, na kifua kikabaki bila cha kukishikilia. Hapo ndipo sidiria ilipopata soko.

Dhana: Sidiria ilibuniwa na Mary Phelps Jacob.
Mmarekani huyu alipata hataza mwaka 1914, kwa sidiria aliyoianza kwa vitambaa viwili vya mkononi vya hariri na utepe. Lakini tangu 1889 Herminie Cadolle wa Paris alikwisha kuikata korseti vipande viwili, cha juu kikishikiliwa na mikanda ya mabegani. Naye Otto Titzling, anayetajwa mno mtandaoni kuwa ndiye aliyebuni sidiria, hajawahi kuishi. Ni mtu wa kubuniwa.

Dhana: Korseti zilitiwa mifupa ya nyangumi.
Si mfupa. Ni zile sahani ngumu za mdomoni anazochujia chakula, zenye asili moja na kucha zetu.

Dhana: Wabunifu wakubwa hawakujishughulisha na nguo za ndani.
Mbunifu Lucile, yaani Lady Duff Gordon aliyenusurika kwenye Titanic mwaka 1912, alizitengea chumba kizima London. Dada wa Callot, wabunifu wa Paris, walianza na lesi na nguo za ndani kabla ya kufungua nyumba yao ya mitindo mwaka 1895.

Dhana: Yale magauni meupe mepesi kwenye picha za zamani ni nguo za kulalia.
Hapana, yalikuwa magauni ya mchana, yakivaliwa juu ya shimizi hadi bustanini. Kilichohamia nje ni ufundi wa nguo za ndani: lesi hushonwa juu ya kitambaa, kisha kitambaa cha nyuma hukatwa polepole kwa mkasi mdogo na kingo zikakunjwa kwa sindano. Nyumba ya mitindo ya Boué Soeurs ya Paris ilivuma kwa kazi ya namna hii, pamoja na vijiwaridi vya utepe, na mwaka 1915 ikaipeleka New York.